Kabla ya kununua kabureta, pima tapeti

SWALI: Fundi, habari za kazi. Naendesha bodaboda hapa Morogoro, pikipiki ya Kichina ya CC 125, injini ya pushirodi (fimbo zinazosukuma roka). Wiki mbili zilizopita tapeti (skrubu za kurekebishia nafasi ya valvu) zilikuwa zinalia, fundi wa kijiweni akazikaza, ikatulia kabisa. Juzi asubuhi ikagoma kuwaka ghafla. Nikiisukuma inawaka na inakwenda, ila nikiachia resi tu inazima, haikai sailensa, yaani kuunguruma bila resi, hata sekunde tano. Plagi nimeweka mpya. Fundi ameshafungua kabureta mara tatu, jeti ndogo (kitundu cha kupitishia petroli) ameizibua kwa waya wa breki ya baiskeli, na sasa anasema ninunue kabureta na CDI, kile kifaa cha umeme wa cheche. Nianze na kipi?

JIBU: Usianze na chochote kati ya hivyo, ndugu yangu. Ugonjwa umeutaja mwenyewe: tapeti zilikazwa mpaka pikipiki "ikatulia kabisa". Injini yako imeigwa kutoka Honda CG125, na kwenye injini hiyo panatakiwa pawe na nafasi ya milimita 0.08 kati ya roka (mkono unaoibonyeza valvu) na mkia wa valvu, ya kuingiza na ya kutoa vilevile, injini ikiwa baridi. Ule mlio mwembamba unaousikia juu ya hedi unatoka kwenye nafasi hiyo. Mtu akiimaliza ili kuua sauti, roka inabaki imeikanyaga valvu muda wote, na valvu haikai tena kwenye siti yake, pale inapofungia.

Hapo ndipo dalili zako zote zinapotoka. Valvu isiyofunga inavujisha mgandamizo. Ukipiga kiki, pistoni inapanda taratibu na mchanganyiko wa hewa na petroli unapata muda wa kutoroka kabla plagi haijapiga. Ukisukuma, injini inazunguka mfululizo, inapata nafasi nyingi za kushika. Ukivuta resi, kila mpando wa pistoni ni mfupi mno kwa hewa kuvuja nyingi, kwa hiyo inakwenda. Ukiachia, mzunguko unashuka, uvujaji unashinda, inazima. Kabureta haina kosa lolote hapo. Na CDI ikifa, haifufuki kwa kusukumwa.

Hili la sauti ya tapeti linanikera kuliko jambo lolote kwenye pikipiki hizi. Madereva wengi wanaamini injini nzima ni ile isiyosikika, na mafundi wa bisibisi moja wanawauzia ukimya huo kwa pesa ya soda. Tapeti iliyolegea kidogo inakupigia kelele tu. Iliyobana inakuunguzia valvu. Valvu ya kutoa inapitiwa na moshi wa moto mkali sana, na sehemu kubwa ya joto hilo inalishusha kwenye hedi pale inapogusana na siti. Isipogusa vizuri, joto halina pa kwenda, ukingo wake unaungua, unamegeka, na baada ya hapo hata ukifunga tapeti kwa usahihi mgandamizo haurudi. Tena hata bila mtu kuzigusa, valvu huchimbika kwenye siti kwa kazi, mkia wake unasogea kuelekea roka, nafasi inapungua kimyakimya. Kwa hiyo pikipiki iliyokuwa ikilia na sasa imenyamaza yenyewe, ipeleke ikapimwe.

Fanya hivi. Iache ilale usiku kucha. Injini yenye moto usiipime kabisa, maana ile 0.08 ni ya injini baridi. Asubuhi toa plagi, fungua mfuniko wa juu wa hedi. Upande wa kushoto fungua kizibo cha magneti ili uione alama ya T; kama mfuniko wako hauna kizibo, utautoa wote. Zungusha krenki kinyume cha saa ukiwa umekaa upande huo wa kushoto, au ingiza gia ya juu kabisa na uzungushe tairi la nyuma mbele kwa mkono, mpaka T ilingane na alama ya kwenye bodi. Sasa tikisa roka zote mbili. Pistoni ikiwa juu kwenye mgandamizo, fimbo zote mbili zimeshuka na roka zinatakiwa ziwe huru. Moja ikiwa imeibonyeza valvu yake waziwazi, upo kwenye mpando wa kutolea moshi. Zungusha krenki duru moja kamili urudi kwenye T. Wengi hukosea hapa: wanafunga tapeti pistoni ikiwa juu lakini kwa mpando usio wake, kisha wanashangaa. Kwako kuna jambo la ziada: tapeti zikiwa zimebana, roka hazitacheza hata kwenye mpando ulio sahihi, kwa hiyo zilegeze kwanza, ukitazama ni mpando upi valvu zote mbili zimetulia.

Pitisha fila geji (kibati cha kupimia nafasi) ya 0.08. Inatakiwa ipite ikiwa inakwaruza kidogo, kama unavuta karatasi chini ya kitabu. Kaza nati ya kufungia huku umeishikilia skrubu isigeuke, halafu pima tena, kwa sababu nati ikikazwa huivuta skrubu na nafasi inabadilika. Kitabu cha pikipiki yako kikitoa namba tofauti, fuata kitabu.

Kabla ya kurudisha plagi, ziba tundu lake kwa kidole gumba na mtu akupigie kiki, swichi ikiwa imezimwa. Hewa inatakiwa isukume kidole chako kwa nguvu. Ikitoka kwa unyonge ilhali tapeti zimeshapimwa, basi wiki mbili hizo zimeiunguza valvu. Hapo hedi ishuke. Geuza hedi njia itazame juu, mimina petroli kidogo kwenye njia ya kutolea moshi, kisha njia ya kuingizia, uangalie kama inapenya kwenye valvu. Inayopenya inasagwa, iliyomegeka inabadilishwa. Mtu asikuuzie pistoni na ringi kabla ya jaribio hilo.

Ukitaka kuiondolea CDI lawama kabisa, chomeka plagi kwenye kofia yake, ilaze chuma chake kiguse hedi vizuri, mbali na tundu na mbali na petroli, upige kiki. Cheche ya bluu inayolia inatosha. Usipige kiki plagi ikiwa inaning'inia hewani. Umeme wa koili ukikosa pa kwenda hurudi kuharibu CDI, na mafundi wengi wameziua nzima kwa kuzipima hivyo. Mwanya wa plagi ni milimita 0.6 hadi 0.7, hata ikiwa mpya.

Sasa ile jeti. Hiyo ndiyo utakayonunua, jeti ndogo peke yake, yenye namba ileile iliyochongwa ubavuni. Ni shaba laini. Ikiwa ni namba 38, tundu lake ni takriban milimita 0.38. Waya wa chuma ukiitanua ifike 0.45, petroli inapitia uwazi mkubwa kwa asilimia 40, na hakuna namna utakavyozungusha skrubu ya hewa ikakaa sailensa: plagi itakuwa nyeusi, mafuta yatakwisha haraka. Jeti iliyoziba inalowekwa kwenye petroli na kupulizwa kwa kompresa. Ukishafunga mpya, kaza skrubu ya hewa taratibu mpaka iguse, ilegeze duru moja na nusu hadi mbili, pasha injini moto, kisha weka sailensa kwenye mizunguko kama 1,400 kwa dakika.

Niwaambie na wengine mnaosoma: skrubu ya kabureta haijizungushi usiku. Pikipiki iliyolala nzima ikaamka imegoma ina kitu kimoja kilichobadilika, na kinatafutwa kwa mpangilio: cheche, mafuta, mgandamizo. Plagi ikitoka kavu, fungua skrubu ya chini ya kabureta ukinge kwenye chupa ya kuonekana; maji hukaa chini ya petroli kama shanga, na petroli ya kununua kwenye chupa barabarani huwa nayo mara nyingi. Isipotoka kitu, fungua kifuniko cha tangi, huenda tundu lake la hewa limeziba. Kutoa eakilina (kichujio cha hewa) ili "ipumue" ni kuilisha injini vumbi.

Najua mwenye hesabu ya jioni hana siku ya kupoteza, na njia za mkato zinauzwa kwa watu wa namna hiyo hasa. Fundi asiye na fila geji asiufungue mfuniko wa hedi yako. Na ikishakaa sailensa huku inalia kwa mbali juu ya hedi, yule wa kijiweni akikuambia aikaze kidogo tu, mkatalie.