Usiuze korosho kangomba ukarekodi wimbo: jibu kwa kijana wa Newala

Usiku wa Jumamosi iliyopita nilikuwa nakunja nyaya baada ya kuimba kwenye shughuli Mikindani, saa tisa kasoro, simu ikaingia ujumbe. "Shikamoo kaka. Mimi nipo Newala, naimba singeli. Mama amekubali tuuze korosho kangomba tupate laki nane, niende Dar nikarekodi. Naomba namba ya prodyuza mzuri. Usinikatishe tamaa kaka."

Nilimjibu: marahaba mdogo wangu, nipe siku mbili. Siku mbili zimepita na jibu limekuwa refu, nimeona niliweke hapa, maana ujumbe wa namna hii naupata kila mwaka mikorosho ikianza kutoa maua. Mwaka jana walikuwa vijana watatu. Mmoja alitokea Nachingwea, na najua hela yake iliishia wapi.

Kwa msomaji asiye wa kusini, kangomba ni kuuza korosho kwa bei ya kutupa, mara nyingi zikiwa bado mtini, kwa mtu mwenye hela mkononi, badala ya kusubiri chama cha msingi cha ushirika na mnada. Serikali imeipiga marufuku. Anayeuza kangomba ni mwenye njaa, mwenye mgonjwa, au mama mwenye mtoto anayetaka kuwa msanii. Mdogo wangu, kabla sijasema chochote kuhusu muziki, ulivyoniandikia kwamba mama amekubali, nililala vibaya. Ngoja nikueleze kwa nini.

Mwaka 2009 nilikuwa na miaka 19. Mjomba wangu wa Nanyamba aliweka rehani mikorosho yake 40 kwa misimu miwili ili mimi niende kurekodi. Wenzangu wa huku mnajua uzito wa mjomba. Hakuniuliza maswali mengi. Alihesabu Sh 650,000 mbele ya mama, akasema, "Nenda, sauti unayo." Nilipanda basi la alfajiri. Kipande cha Ndundu hadi Somanga kilikuwa bado hakijaisha lami, mvua zilikuwa zimeanza, tukakwama kwenye tope na kulala njiani usiku mzima. Nilikaa macho nikiimba wimbo wangu kimoyomoyo nisije nikausahau.

Studio niliyoelekezwa ilikuwa chumba kimoja uswahilini. Jina silitaji. Nililipia biti, nikalipia kurekodi, kisha nikaambiwa njoo kesho kwa wiki tatu mfululizo. Kila kesho ilikuwa na nauli yake na chakula chake. Wimbo ulipotoka ulikuwa unamsifia msichana wa Masaki, na mimi Masaki nilikuwa sijawahi kuikanyaga. Maneno yote nilikuwa nimeyaokota kwenye nyimbo za wengine, kwa sababu niliamini wimbo wa mtu wa Mtwara lazima ufiche kwamba ni wa Mtwara. Nikapeleka CD redioni. Mtangazaji mmoja aliusikiliza nusu, akasema ni mzuri, lakini lazima kuwe na "kitu cha mafuta". Nilimpa Sh 150,000, hela ya mwisho niliyokuwa nayo ukiacha nauli ya kurudi. Akaniambia nisikilize Jumatatu.

Nilikaa kwenye saluni ya kunyolea, Temeke, Jumatatu hiyo na Jumatatu iliyofuata, kuanzia asubuhi mpaka mwenye saluni anafunga. Haukupigwa hata mara moja. Miaka imepita, na mpaka leo nikimsikia mtu yule redioni nabadilisha kituo. Bado inaniuma, na sioni sababu ya kusema haiumi.

Nilirudi nyumbani na CD 50 kwenye mfuko wa rambo. Mjomba alikuja kunipokea stendi. Aliniuliza swali moja tu: "Umekula?" Misimu miwili ile nilimwona akipita kando ya mikorosho yake mwenyewe, watu wengine wakiokota.

Miaka iliyofuata siielezi. Nilibeba mizigo, nilivua, nilikaa. Kuimba niliacha.

Nilichotaka ukisome kinaanzia hapa. Mwaka 2012, mwezi wa kumi na mbili, kulikuwa na shughuli ya kuwatoa wali, yaani wasichana waliokuwa unyagoni, huku Mikindani. Mimi nilikuwa pale kama mbeba spika, nalipwa Sh 5,000. Mwimbaji aliyekodiwa hakufika, gari lilimharibikia njiani. Saa nne usiku akina mama wamevaa sare, ngoma zimewambwa moto, nyakanga, mkuu wa unyago, amekasirika, na kinanda kipo hakina mtu. Mwenye vyombo akanitazama. "Wewe si ulikwenda Dar kuimba? Shika maiki."

Nilianza na ule wimbo wangu wa Masaki. Hakuna aliyeinuka. Nikaona mama mmoja anajifunga khanga vizuri tayari kuondoka. Sijui nilipata wapi, ila nikamtaja mama mzazi wa mwali kwa jina, nikamtaja bibi yake, nikataja kijiji alikotoka, nikaingiza kipande cha wimbo wa kumbi za jando na unyago ambao kila mtu pale anaujua, na mpiga ngoma akanifuata mwenyewe kwa mdundo wa sindimba. Vigelegele vilipiga mpaka nikasahau mstari. Wakaanza kunitunza. Noti za elfu, za mia tano, moja ilibandikwa kwenye paji la uso wangu lililolowa jasho. Niliimba mpaka adhana ya alfajiri. Nilipohesabu nikakuta Sh 27,000, na mialiko mitatu.

Hela ile ilikuwa ndogo ukilinganisha na ya mjomba. Lakini ilikuwa hela ya kwanza kunijia kutokana na sauti yangu, na ilitoka kwa watu walionisikia.

Tangu hapo nikawa naimba karibu kila wiki msimu wa shughuli, na huku kwetu msimu unafuata hela ya korosho. Nikajifunza kitu ambacho hakuna studio ingenifundisha: mstari upi unamwinua mtu kwenye kiti. Nikiimba mstari Jumamosi hii ukalala, Jumamosi inayofuata haupo. Wimbo wangu wa kwanza uliojulikana niliuimba kwenye shughuli zaidi ya 30 kabla sijaurekodi. Nilipokwenda kuurekodi, tena hapahapa Mtwara mjini, ilichukua alasiri moja. Nikawapa vijana wa vibanda vya kuweka nyimbo kwenye memori kadi, bodaboda wakaubeba, na baada ya mwezi nikausikia kwenye daladala Masasi, dereva hanijui. Nilishuka kituo kisichokuwa changu, nikakaa chini ya mwembe. Nililia.

Kwa hiyo ushauri wangu, mdogo wangu, ni huu: tafuta kwanza watu wa kukusikiliza, studio itafuata. Imba mbele ya watu. Imba tena mbele ya watu.

Utasema huyo ni yeye na ngoma zake za unyago, mimi naimba singeli. Hiyo singeli unadhani ilizaliwa studio? Ilizaliwa kwenye vigodoro, sherehe za kukesha mitaani uswahilini Dar, madijei wakikimbiza biti za taarabu na mtu ameshika maiki anaita majina ya waliopo. Ilianzia shughulini kama mimi nilivyoanzia. Unataka kusafiri kilomita zaidi ya 500 kwenda kununua kitu ambacho asili yake ni kile kinachofanyika nyuma ya nyumba yenu.

Na si singeli peke yake. Franco wa Kongo, ambaye wazee wetu walicheza nyimbo zake miaka nenda rudi, mama yake aliuza maandazi sokoni Kinshasa, enzi hizo ikiitwa Léopoldville, na mtoto alipiga ala pale mezani kuvuta wateja. Alipoingia studio mwaka 1953 alikuwa na miaka 15 tu, lakini masikio ya watu alikuwa ameyazoea tangu kwenye sufuria la maandazi. Youssou N'Dour wa Senegali alianza udogoni kuimba kwenye sherehe za tohara, yaani jando, jambo ambalo Mmakonde, Mmwera na Myao hawahitaji kuelezwa. Bi Kidude alipiga ngoma za unyago Zanzibar maisha yake yote, na dunia ilimwita jukwaani akiwa ameshakuwa bibi. Rose Muhando alitokea kwenye kwaya ya kanisa Dodoma. Saida Karoli aliimba Kihaya chake, kwa mdundo wa kwao Kagera, na mwaka 2001 nchi nzima iliimba maneno isiyoyaelewa. Taarabu, rumba, injili, ngoma za asili: kila mmoja alikuwa na watu wake kabla ya kuwa na kanda.

Mwenye kuniliza zaidi ni Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, akauza vyungu, akahamia mjini Zanzibar mwaka 1911. Sahani za santuri alirekodi Bombay mwaka 1928. Hesabu mwenyewe, ni miaka 17. Miaka yote hiyo alikuwa anaimba mbele ya watu, barazani na kwenye majumba ya wakubwa. Alipofika Bombay hakwenda kubahatisha.

Najua jina unalolisubiri. Kila kijana wa huku ananitupia Harmonize. Ni mtoto wa Mtwara, alikwenda Dar, mwaka 2015 akatoka na wimbo Aiyola chini ya Wasafi, lebo ya Diamond, mwaka 2019 akaondoka akasimama na lebo yake mwenyewe. Najivunia naye kuliko ninavyoweza kuandika, maana alijiita Konde, yaani Mmakonde, wakati sisi tulikuwa tunaficha ukonde wetu. Lakini soma katikati ya hadithi. Alisota Dar akifanya biashara ndogondogo, alijaribu mashindano ya kusaka vipaji akakatwa, akaendelea. Hakufika leo akarekodi kesho. Hata Diamond aliyempokea alitokea Tandale kwenye mitumba, na mwaka 2010, alipochukua tuzo tatu za muziki za Kilimanjaro, sisi huku tulidhani ameanza juzi. Mimi mwenyewe nilidhani hivyo, na nilimwonea wivu mtu ambaye sikujua alikopitia.

Wapo waliolipia studio kwa hela yao wakafanikiwa, siwezi kukuficha. Elvis Presley aliingia studio Memphis mwaka 1953 akalipa kama dola 4, akarekodi nyimbo mbili. Lakini wimbo uliomtoa ulikuja Julai 1954, na katikati alikuwa dereva wa lori. Dola 4 zile hazikuwa mikorosho ya mjomba wake. Tena Loretta Lynn, mwimbaji wa kantri aliyeolewa bado mtoto, mwaka 1960 alizunguka na mumewe kwa gari, kituo cha redio hadi kituo cha redio, wakipeleka sahani yao kwa mikono. Nilipoisoma habari hiyo nilikumbuka saluni ya Temeke. Yeye alikwenda vituo vingi. Mimi nilimwamini mtu mmoja na kukaa kusubiri.

Vijana wa leo mna haraka, na haraka yenu inalipiwa na mama zenu. Nasema kwa ukali kwa sababu nimeiona. Mnajirekodi chumbani, mnasubiri dunia ije mlangoni, na jirani yako anaozesha mwana hujamwambia hata nitakuimbia bure. Nani atakuita Dar kama Newala hujaitwa? Nenda kwenye harusi. Nenda kwenye jando Desemba shule zikifungwa. Kama hawakulipi, omba wali na maiki. Na wimbo ukishaanza kupendwa, usajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kabla haujaingia kwenye simu za watu. Mimi wangu ulitumiwa kwenye gari la matangazo mwaka mzima, na sikuwa na karatasi ya kuonyesha.

Shamba la mjomba lilirudi mikononi mwake misimu ile miwili ilipokwisha, lakini mikorosho ilirudi haijapaliwa wala kupuliziwa dawa, na 11 kati ya ile 40 ilikuwa imekauka. Mwaka 2014 nilimnunulia miche, tukapanda pamoja, mimi nikichimba yeye akishika mche. Ile iliyokauka hakukubali niikate. Mitatu bado imesimama.

Sasa wewe. Mwambie mama asiuze kangomba, asubiri mnada. Jumamosi ijayo nina shughuli Mikindani, na usiku wa manane huwa napumzika nusu saa. Nusu saa hiyo nakupa. Njoo na biti zako kwenye flashi, nauli ya kuja na kurudi naitoa mimi, utalala kwangu Chikongola. Ukifika stendi ya Mtwara nipigie, na kabla hujaja muulize mama jina la bibi yake na kijiji alichozaliwa. Mwenye shughuli ni mtu wa Newala pia, huenda mkawa ndugu.