Uliza aina ya saratani, na karatasi uitunze

Mama alipofariki, sisi wanawe wa Kongwa tuliandika katika daftari la ukoo kwamba aliondoka kwa vidonda vya tumbo, kama ilivyosemwa kwa mjomba kabla yake. Baadaye, nikipekua sanduku la bati alimowekea kadi za kliniki, nilikuta majibu ya kinyama kilichokatwa tumboni mwake, yamekunjwa mara nne: saratani ya tumbo ya aina inayosambaa, yenye seli za umbo la pete ya muhuri.

Daktari niliyempelekea karatasi hiyo mjini Dodoma alinieleza habari za jeni ya CDH1, iliyo kwenye kromosomu ya 16, ambayo mwili huitumia kutengeneza kadherini-E, protini inayochomoza juu ya seli na, kwa msaada wa kalsiamu, kushikana na ile ya seli jirani. Anayerithi nakala moja mbovu huishi kwa ile nzima, hadi nayo iharibike katika seli fulani ya tumbo. Hapo seli huachana na kupenya moja moja chini ya utando bila kufanya uvimbe, kwa hiyo hata kamera inayoshushwa kooni huweza kuzikosa. Jambo hili lilibainishwa mwaka 1998 katika familia ya Wamaori wa New Zealand.

Msiogope kupita kiasi: saratani nyingi za tumbo si za kurithi. Lakini ndugu wawili wakiugua, hasa wakiwa vijana, au mwanamke wa ukoo huo akipata saratani ya titi inayoanzia kwenye vitezi vya maziwa, ulizeni kuhusu kipimo cha jeni, kwa kuwa kila mtoto wa mwenye hitilafu ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. Pateni ushauri kabla ya kutoa damu, maana anayekutwa nayo mara nyingi hushauriwa kuondolewa tumbo lote kabla halijaugua, kisha aishi kwa milo midogo na vitamini B12 maisha yake yote. Si uamuzi wa kukurupukia.

Mama mdogo alinikemea: “Mwanangu, waache marehemu wapumzike.” Sikubishana naye, nilimsomea karatasi, kwani inamhusu yeye kabla yangu.

Katika daftari nimesahihisha mstari wa mama. Wa mjomba nimeuwekea alama ya kuuliza, kwa sababu karatasi zake zililiwa na mchwa.