Mtoto wa kulea anahesabika kwenye bima ya nyumba?

SWALI: Habari za kazi dada. Mimi na mume wangu tumekabidhiwa na ustawi wa jamii kijana wa miaka 13 tumlee, anakula kwetu analala kwetu na shule anatokea kwetu, huu ni mwezi wa nane. Sasa juzi kamgonga mtoto wa jirani na baiskeli, mtoto kavunjika mkono na jirani anataka tulipe matibabu. Tuna bima ya nyumba na ndani yake kuna sehemu inayolipa tukimuumiza mtu wa nje. Ajenti kasema huyo si mtoto wenu kwahiyo bima haimhusu, mume wangu anasema mtu akikaa ndani ya nyumba ni mkaazi basi. Nani yuko sahihi? Na bima ya gari itakuwaje akifika umri wa kuendesha?

JIBU: Poleni sana, na mumfikishie jirani pole pia. Ila pesa msitoe kwanza wala msiandikishane kwamba mtalipa, kwasababu mikataba mingi inakataza kulipa au kuahidi kabla kampuni haijajua, na mkishaahidi wanapata sababu ya kuwaruka. Pelekeni taarifa ya tukio leo hii, kwa maandishi.

Ajenti na mzee wako wote wamekamata nusu ya jibu. Chukua mkataba wenyewe, nenda ukurasa wanapoeleza maana ya maneno, tafuta wanasema nani anahesabika kuwa amekatiwa bima. Hapo mara nyingi si wewe uliyesaini peke yako. Mfano Marekani kuna fomu ya bima ya nyumba inatumika sana inaitwa HO-3, imeandaliwa na ISO, kampuni ya huko inayoandika mikataba ya mfano ya bima, inamhesabu aliyetajwa kwenye mkataba, halafu ndugu zake wanaoishi naye, halafu na mtu mwingine anayeishi humo akiwa chini ya miaka 21 na yuko chini ya malezi yake au ya ndugu yake anayeishi humo. Kwa maneno ya namna hiyo kijana wenu yumo ndani, undugu wa damu hauulizwi. Lakini ipo mikataba inasema ndugu wa damu, wa ndoa au wa kuasiliwa kisheria, wakaweka nukta, na hapo hata akikaa kwenu miaka 5 ukaazi peke yake haumwingizi. Ndo maana nakwambia usome hayo maneno neno kwa neno, usiishie kwenye jibu la mdomo la mtu wa mauzo.

Kuhusu ukaazi sioni shida kwenu, maana wanaoamua huangalia analala wapi, vitu vyake viko wapi, shule wameandika anwani gani na mpango ulikuwa akae muda gani, na kwenda kwa wazazi wake wikiendi peke yake hakumfanyi asiwe mkaazi. Mgogoro unakujaga zaidi kwa mtoto aliyeletwa kwa dharura siku mbili tatu. Barua ya kukabidhiwa itunze, na maneno ya mkataba yakiwa yanaweza kusomeka kwa maana mbili, mahakama nyingi huyasoma dhidi ya kampuni iliyoyaandika.

Sasa kuna jambo linaniuma kwasababu walezi wengi hawaambiwi. Mtoto akishahesabika kuwa amekatiwa bima, vitu vyake vinalindwa na akimuumiza mtu wa nje kwa bahati mbaya bima inasimama, lakini akiumia yeye mwenyewe humo ndani, tuseme kaanguka kwenye ngazi halafu wazazi wake wa kumzaa wakawashtaki nyie, sehemu ileile ya bima inakataa, maana hailipi madhara ya aliyekatiwa bima na mkataba huohuo. Yaani kile kinachowaokoa leo kwa jirani kinaweza kuwaacha wazi kesho. California waliliona hilo wakaweka kwa sheria mfuko wa bima wa familia zinazolea watoto wa namna hii. Kwahiyo muulizeni afisa wenu wa ustawi wa jamii bila aibu, mtoto akiumia tukashtakiwa nani anasimama na sisi? Mnabeba kazi ya jamii nzima nyie, hilo swali lina haki ya kujibiwa. Na kama mnapewa posho ya malezi iwekeni wazi kwa kampuni, kuna mikataba haigusi shughuli zinazolipiwa na mtu anaweza kuja kudai kwamba malezi ni biashara.

Kwa huyo jirani, angalieni pia kama mna kipengele cha matibabu ya watu wa nje, hicho kwa kawaida hulipa kiasi kidogo bila kubishana kosa la nani.

Gari nalo lina maneno yake. Fomu ya ISO ya gari binafsi inamtaja kabisa mtoto wa kulea kuwa mwanafamilia akiwa anaishi kwenu, ila yenu inaweza kuwa tofauti. Kabla hajashika leseni pelekeni jina lake kwa kampuni wamwandike kama dereva wa nyumba hiyo, hata kama ada itapanda, kwasababu dereva wa ndani aliyefichwa ni sababu rahisi sana ya kukataa kulipa. Majibu yao wayaandike, kwa barua au imeili.