Kabla Hujatia Saini Mkataba wa Nyumba Georgia, Jua Uko Ndani ya Mji Upi

Kwa miaka minne niliamini kwamba ninaishi Decatur. Barua zilikuja na jina hilo, mkataba wa nyumba uliandikwa jina hilo, na ndugu zangu wa Morogoro waliponiuliza niko wapi huko Marekani niliwajibu bila kusita kwamba niko Decatur, jirani na Atlanta. Siku niliyokwenda kumwandikisha binti yangu katika shule za mji huo, nikiwa na bili zangu mkononi kama uthibitisho, mama aliyenipokea aliiingiza anwani kwenye kompyuta, akanieleza kwa upole kwamba nyumba yangu haimo Decatur. Nilimwonyesha bahasha. Akatabasamu, akasema sikuwa wa kwanza wiki ile.

Kosa lilitokana na mazoea ya nyumbani. Tanzania Bara, popote unapoishi kuna halmashauri inayokuhusu, iwe ya wilaya, ya mji, ya manispaa au ya jiji, kwa hiyo swali la kwamba mtu anaweza kuishi katikati ya nyumba elfu moja na bado asiwe ndani ya mji wowote halikuwahi kunijia. Georgia imegawanywa katika kaunti 159, na kila mtu yumo katika kaunti fulani. Lakini mji ni chombo cha kisheria kinachoundwa kwa hati ya Bunge la jimbo, chenye mipaka yake, meya wake na madiwani wake. Aliye nje ya mipaka hiyo huhudumiwa na kaunti peke yake. Mimi nilikuwa katika sehemu ya kaunti ya DeKalb isiyo na mji, na dalili zote zilikuwa mbele ya macho yangu: gari la taka lilikuwa la kaunti, na polisi waliopita mtaani walikuwa wa kaunti.

Kilichonipoteza ni anwani ya posta. Misimbo ya posta ya Marekani ilianzishwa mwaka 1963 ili kurahisisha upangaji wa barua, na jina linaloandamana nayo ni la ofisi ya posta inayohudumia eneo, si la serikali inayolitawala. Mji wa Decatur ni mdogo, haufiki maili tano za mraba, lakini jina lake la posta limetanda juu ya sehemu kubwa ya kusini mwa DeKalb. Hata wakubwa wamo katika mkanganyiko huu: Chuo Kikuu cha Emory kilitumia anwani ya Atlanta kwa miongo mingi, ilhali kampasi yake iliyo DeKalb iliingizwa ndani ya mipaka ya Atlanta tarehe 1 Januari 2018 tu. Wengi wetu tunaozungumza Kiswahili, hasa ndugu zetu wa Kongo waliofika kama wakimbizi, tumekusanyika Clarkston na pembezoni mwake, na huko pia yapo majengo ya kupanga yanayoandikiwa Clarkston ambayo hayamo katika mji huo.

Kwa mzazi, jambo hili ni zito. Katika DeKalb, miji ya Atlanta na Decatur ina mifumo yake ya shule, na watoto wengine wote husoma katika shule za kaunti. Dalali aliyenipangishia nyumba alizisifu shule za Decatur kwa dakika kumi nzima, nami sikumwuliza swali hata moja. Nilipaswa kumwomba jina la shule ambayo anwani ile ile inapangiwa, kisha nilihakikishe mwenyewe. Ukisikia pia kwamba eneo fulani limekuwa mji mpya na kwa hiyo litakuwa na shule zake, usikubali, kwa sababu katiba ya jimbo imezuia kuanzishwa kwa mifumo mipya ya shule za miji tangu mwaka 1945.

Na miji mipya ni mingi. Sandy Springs, kaskazini mwa Atlanta, ulianza mwaka 2005, na tangu hapo DeKalb peke yake imepata Dunwoody mwaka 2008, Brookhaven mwaka 2012, kisha Tucker na Stonecrest. Wanaoitaka husema wanataka kuamua wenyewe matumizi ya ardhi na ulinzi. Wanaoipinga husema kaunti inabaki na mzigo ule ule na mapato pungufu. Mimi naona pande zote mbili zina hoja, ila ninayemhurumia zaidi ni mwenye biashara ndogo, maana mpaka unaweza kuwekwa juu yake akiwa amelala. Rafiki yangu anayesafirisha mizigo kwenda Mombasa na Dar es Salaam alipeleka maombi ya leseni kaunti, akasubiri, kisha akaambiwa chumba chake cha biashara kimo ndani ya Tucker, kwa hiyo leseni, kodi ya biashara na hata kibali cha bango ni mambo ya mji. Alianza upya.

Kuwa ndani ya mji hakumaanishi kwamba mji unafanya kila kitu. Tangu mwaka 1995 sheria ya Georgia inautaka mji utoe angalau huduma tatu, la sivyo uvunjwe. Huduma hizo ni zipi, kila mji huchagua. Clarkston ina polisi wake, Tucker hutegemea polisi wa kaunti.

Kwa anayenunua, kodi ya majengo nayo husomwa kwa namna yake. Nyumba hutozwa juu ya asilimia 40 ya thamani yake ya soko, na kila mamlaka hupanga idadi ya viwango vyake, kiwango kimoja kikiwa dola moja katika kila elfu. Nyumba ya dola 300,000 inahesabiwa kama dola 120,000, hivyo kila nyongeza ya kiwango kimoja ni dola 120 kwa mwaka. Ukiimiliki na kuishi ndani yake tarehe 1 Januari, omba punguzo la makazi kabla ya tarehe 1 Aprili kupita, na uulize kama mji wako una punguzo la peke yake. Ninawafahamu watu waliolipa zaidi kwa miaka kwa sababu tu hawakujaza fomu.

Kulihakiki eneo ni kazi ya robo saa. Ingiza anwani katika ramani ya viwanja ya kaunti, kisha umwombe mwenye nyumba hati ya kodi ya majengo ya mwaka uliopita na usome mstari kwa mstari: kaunti, shule, mji. Usipouona mstari wa mji, mpigie hata karani wa mji wa jirani umwulize kabla ya kusaini, na ukishathibitisha, jua kwamba hapo hakuna meya wa kumpelekea malalamiko ya shimo la barabarani. Simu hiyo inapigwa kaunti.