Ukifika Efeso, anzia ukumbi wa michezo

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Unasema huko Uturuki kutoka Izmir hadi Selçuk ni safari fupi ya treni, na wenzako wa chuo wanakualika kwenye magofu ya Efeso. Ila rafiki mmoja kakwambia ile nyumba ya Bikira Maria mlimani imetokana na njozi tu za sista Mjerumani, ndiyo maana unauliza: kuna faida gani kuhiji mahali pasipo na uhakika?

Nenda. Ila usianzie mlimani, anzia ukumbi wa michezo. Pale hakuna cha kubahatisha. Matendo 19 inasimulia jinsi Demetrio na wafua fedha wenzake walivyoona biashara ya vihekalu vya mungu wao wa kike, Artemi, inaharibika kwa mahubiri ya Paulo. Mji ukachafuka, Gayo na Aristarko wakakamatwa na kupelekwa humo, na umati ukapiga kelele kwa muda wa saa mbili: “Artemi wa Waefeso ni mkuu!” Panda hadi ngazi za juu kabisa, keti, uisome sura hiyo kwa sauti. Ukumbi ule ulichukua watu wapatao 25,000. Ukiutazama kutoka juu utaelewa kwa nini wanafunzi walimkatalia Paulo asiingie. Mbele yako kuna barabara pana ya mawe inayoelekea bandarini, lakini bahari huioni. Tope la mto limeisogeza mbali kilomita kadhaa.

Maktaba ya Celsus, ambayo kila mgeni huipiga picha, ilijengwa karne ya 2, Paulo akiwa ameshafariki. Ni nzuri, itazame, kisha upite. Tafuta magofu ya Kanisa la Maria, ambayo wengi huyaruka. Ni huko Efeso, mwaka 431, Mtaguso, yaani mkutano wa maaskofu, ulipotetea Maria aitwe “Mama wa Mungu”, jina lile tunalolitamka katika kila Salamu Maria.

Selçuk, kwenye kilima cha Ayasuluk, Kaisari Justiniani alijenga basilika karne ya 6 juu ya kaburi lililoheshimiwa tangu zamani kuwa la Mtume Yohana. Tafuta kisima cha ubatizo: kina ngazi pande mbili, mtu anashukia huku na kutokea kule.

Sasa nyumba yenyewe. Yule sista wa njozi, Anne Catherine Emmerich, alifariki 1824 bila kutoka Ujerumani. Mapadre kutoka Izmir waliipata 1891 wakifuata njozi zake zilizoandikwa. Kanisa halijatamka kwamba ndiyo hasa aliyoishi Maria, na Yerusalemu nako wanaonyesha kaburi la Mama Maria. Lakini Papa Paulo VI alifika pale 1967, Yohane Paulo II 1979, na Waislamu nao huja kwa heshima ya Mariamu. Mimi nasema ukumbini nenda ukaone palipotokea ghasia kwa sababu ya Paulo, na pale nyumbani nenda ukasali. Sala yako haihitaji hati ya wanaakiolojia.

Beba maji na kofia, magofuni kivuli ni haba. Mileto, Paulo alipoagana na wazee wa Efeso, iko kusini zaidi. Usiichomeke siku hiyohiyo.

Mama yako