Simu ikidondoka, iache hukohuko

Wadogo zetu mliopata leseni juzi, mnatuchosha. Tunawapenda, lakini mnatuchosha. Bampa imeng'oka, saitimira inaning'inia kwa waya, na maelezo ni yaleyale: "Niliangalia chini kidogo tu."

Hebu tukipime hicho kidogo. Kwa spidi ya kilomita 80 kwa saa, gari linakula mita 22 kila sekunde. Kusoma meseji na kujibu "poa" ni kama sekunde 5. Hizo ni mita 110 na ushee, ndefu kuliko uwanja wa mpira kutoka goli hadi goli, na muda wote huo gari limejiendea lenyewe. Haya, tuanze.

1. Kazi za mkono zimalizwe kabla gari halijasogea. Kiti, vioo vitatu, mkanda, ramani, muziki, kiyoyozi, miwani ya jua. Anayekusubiri mtumie ujumbe kuwa unaingia barabarani, simu itie sailensi, iingie kwenye begi, begi likae kiti cha nyuma. Wale wa kuilaza kifudifudi katikati ya viti, tunawajua: ikitetemeka mara moja tu, mmeshaigeuza.

2. Simu ikidondoka. Hapa tutakaa kidogo, maana hata wakongwe wenye miaka 20 kwenye usukani bado wananaswa.

Umekata kona, simu imeteleza kutoka kwenye kiti, imepiga sakafu, "tap". Kabla hujafikiri, mkono umeshashuka. Sasa tazama mwili wako. Ukiinama upande wa abiria, bega lililobaki juu linavutwa, na mkono ulioshika usukani unavutwa nalo. Usukani unageuka kidogo kuelekea ulikoinamia, na husikii kitu, kwa sababu vidole vya mkono wa pili viko bize kupapasa chini ya kiti. Macho nayo yako chini ya dashibodi.

Piga hesabu. Leni nyingi za barabara kuu zina upana wa mita 3.5 hivi, gari dogo mita 1.8. Ukiwa katikati kabisa, kila upande umebakiwa na sentimita 85. Gari likipinda digrii 2 tu, kwa spidi ileile ya 80, linahama karibu sentimita 77 kwa sekunde. Yaani ukihesabu moja, mbili, tairi limeshavuka mstari. Na nani amewahi kuokota simu chini ya kiti kwa sekunde moja?

Mwaka 2006 watafiti wa Virginia Tech, Marekani, walitoa matokeo ya magari 100 waliyoyafunga kamera na kuyafuatilia kwa mwaka mzima hivi. Kunyoosha mkono kufuata kitu kinachosogea ndani ya gari kulikuwa miongoni mwa mambo mabaya kuliko yote: hatari ya kugonga au kukoswakoswa ilipanda karibu mara 9.

Halafu inakuja sehemu inayopindua magari. Unainua kichwa, unaona tairi limeshuka kwenye changarawe, unapaparika na kuvuta usukani kwa nguvu kurudi kwenye lami. Usivute. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani kwa mikono miwili ukiwa umenyooka, usikanyage breki kwa pupa, acha spidi ishuke yenyewe, angalia kioo, ndipo urudi taratibu.

Chupa ya maji ni ndugu yake simu, tena yeye anabingirika hadi chini ya pedali ya breki. Akifika huko, usiiname kumvua kama samaki. Kanyaga pedali kwa nguvu zote, chupa laini itabonyea. Isipokubali, shusha gia moja baada ya nyingine, kisha vuta hendibreki kidogo kidogo huku umeminya kitufe chake ili uweze kuilegeza tairi zikianza kujifunga. Ukiendelea kukanyaga kwa hasira chupa isiyobonyea, unapoteza zile mita 22 kila sekunde.

3. Spika haikukomboi. Shirika la Afya Duniani linasema dereva anayetumia simu yuko kwenye hatari ya ajali karibu mara 4 zaidi, na kwamba kuongea bila kuishika hakusaidii sana. Mikono iko kwenye usukani, akili iko kwenye deni mnalobishania. Abiria aliye pembeni akiona lori linaingia barabarani hunyamaza au hupiga kelele. Aliye kwenye simu anaendelea na hadithi. Hata kuamrisha gari kwa sauti kuna deni lake: utafiti wa wakfu wa usalama barabarani wa AAA, chama cha wenye magari cha Marekani, mwaka 2015, ulikuta akili inaweza kuchukua hadi sekunde 27 kurudi barabarani baada ya mtu kumaliza. Kwa hiyo ile meseji unayoichungulia taa ikiwa nyekundu, usidhani imeisha taa ikigeuka kijani. Mpita njia anavuka, unamtazama na humwoni.

4. Watoto wakigombana nyuma, simamisha gari ndipo uamue kesi. Chakula kiliwe kabla. Ramani asome abiria. Kama uko peke yako, isikilize.

5. Ikilazimu kabisa kuishika simu: kioo, indiketa, toka barabarani kabisa, hendibreki, gia nyutro au P, washa taa za hatari. Kisha mkanda ufungue, inama, iokote. Ukimaliza, irudishe kwenye begi. Kule nyuma.