Maswali ya Wasomaji: Leseni za Programu za Mitumba

Barua tatu tulizozichagua kwa toleo hili zimeandikwa na watu wasiofahamiana, lakini zote zinahusu jambo moja: kununua leseni ya programu ya kompyuta iliyokwisha kutumika, kutoka kwa mtu binafsi anayeitangaza mtandaoni.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mhasibu na ninafanyia kazi nyumbani. Miezi sita hivi iliyopita nilinunua kwa mtu aliyetangaza mtandaoni ufunguo wa Windows na mwingine wa Office, kwa bei iliyokuwa sehemu ndogo tu ya ile ya kawaida. Alisema ni leseni zilizotumika lakini halali. Alinitumia herufi na namba kwa ujumbe, kisha akanielekeza nifungue dirisha la amri na kunakili mistari miwili aliyoiandika. Kompyuta ilikubali na nikaridhika. Wiki iliyopita lilianza kutokea onyo kwamba mfumo haujaamilishwa, yaani haujathibitishwa kwa ufunguo unaokubalika. Muuzaji hajibu tena na tangazo lake limeondolewa. Je, nimetapeliwa, au ni hitilafu ya kompyuta? Na je, nimevunja sheria?

JIBU: Ndugu msomaji, pole kwa yaliyokupata. Sidhani kwamba kompyuta yako ina hitilafu. Mistari miwili uliyoinakili na muda wa miezi sita uliopita vinaeleza karibu kila kitu.

Leseni za Windows hutolewa kwa njia kuu tatu. Ipo inayokuja na kompyuta kutoka kiwandani, ambayo imefungwa kwenye mashine hiyo. Ipo ya rejareja, ambayo mtu huinunua peke yake na anaweza kuihamishia kompyuta nyingine. Na ipo ya taasisi, ambayo kampuni, shule au idara huingia mkataba ili kuendesha mashine nyingi kwa pamoja. Katika aina hii ya tatu kuna mpango unaoitwa KMS, ambapo kompyuta haiulizi seva (kompyuta kuu zinazohudumia nyingine kupitia mtandao) za Microsoft bali huiuliza seva ya taasisi yenyewe. Seva hiyo ikiitikia, kompyuta hupewa ruhusa ya siku 180, na kila baada ya siku 7 hujaribu kuihuisha. Seva ikizimwa, au ikikoma kukujibu, siku hizo huisha na maonyo huanza. Inaelekea mistari uliyoinakili iliielekeza kompyuta yako kwenye seva ya mtu usiyemjua, na seva hiyo sasa haipo.

Jambo linalonisikitisha zaidi ni hili. Funguo zinazotumika katika mpango wa KMS zimechapishwa hadharani na Microsoft yenyewe kwa ajili ya mafundi wa taasisi, kwa sababu peke yake hazimpi mtu haki yoyote. Haki imo katika mkataba wa taasisi. Huenda basi ulilipia herufi na namba 25 ambazo mtu yeyote anaweza kuzisoma bure. Ili kuhakikisha, fungua dirisha la amri uandike slmgr /dlv kisha usome maelezo yatakayotokea. Ukiona neno VOLUME_KMSCLIENT, ndivyo ilivyokuwa. Ukiona VOLUME_MAK, uliuziwa ufunguo wa taasisi wenye idadi maalumu ya uamilishaji, ambao huenda mwajiriwa fulani aliutoa nje bila idhini na kuwauzia watu wengi. Hata neno RETAIL halitoshi kukutuliza, kwa kuwa zipo funguo za rejareja zilizonunuliwa kwa kadi za benki za wizi, na mwenye kadi akidai fedha zake, ufunguo unaweza kufutwa ukiwa mikononi mwako.

Hapa ndipo wengi wanapokosea, na ninaomba kila msomaji apazingatie: kompyuta kuukubali ufunguo si ushahidi kwamba una leseni. Seva ya uamilishaji huangalia kama herufi ni sahihi na kama hazijapita kiwango cha matumizi, lakini haijui ulizipata kwa nani na kwa masharti gani. Leseni ni ruhusa ambayo mwenye hakimiliki anampa mtu fulani kwa masharti fulani, na ufunguo ni alama tu ya ruhusa hiyo, kama vile kuwa na funguo za nyumba kusivyomfanya mtu kuwa mwenye nyumba.

Kuhusu sheria, ulinunua kwa nia njema na hilo lina uzito wake kama utaulizwa. Hata hivyo nia njema haigeuzi kitu ambacho muuzaji hakuwa nacho kuwa mali yako. Kama programu hizo unazitumia kujipatia kipato, usiendelee nazo katika hali hiyo, kwa sababu biashara inapokaguliwa huombwa hati ya ununuzi na masharti ya leseni, na ujumbe wa simu wenye herufi 25 hauwezi kuchukua nafasi yake.

Kuna hatari nyingine ninayoiona kubwa kuliko hasara ya fedha. Uliendesha kwenye mashine yako, kwa mamlaka ya msimamizi wa mfumo, amri zilizoandikwa na mgeni. Mashine hiyo ina hesabu za wateja wako. Amri hizo zinaweza kuwa zilibadilisha anwani ya seva tu, lakini njia hiyohiyo hutumika kuzima kinga dhidi ya virusi na kuingiza programu za kunasa nywila. Nakushauri uhifadhi mafaili yako kwenye diski ya nje, ufute mfumo wote na kuusakinisha upya kwa faili ulilolipakua kutoka tovuti rasmi ya mtengenezaji. Kisha badilisha nywila za benki na barua pepe ukitumia kifaa kingine ambacho hakikuguswa.

Usichelewe kudai fedha zako. Ikiwa ulilipa kwa kadi au kupitia huduma ya malipo yenye ulinzi kwa mnunuzi, fungua madai sasa, kwa sababu huduma hizo huweka ukomo wa muda, nao miezi sita mara nyingi ndiyo mwisho wake. Ambatanisha risiti, mazungumzo yote na picha ya onyo lililotokea. Kama ulimtumia fedha moja kwa moja, nafasi ya kuzipata ni ndogo, lakini toa taarifa kwa tovuti iliyobeba tangazo na kwa polisi. Na kama tatizo ni bei ya Office, ijaribu LibreOffice, ambayo hutolewa bure na kwa njia halali. Kwa majedwali ya hesabu ya kawaida inatosha, ingawa mafaili yenye makro nyingi (amri za kujiendesha zilizohifadhiwa ndani ya faili) itabidi uyapime kwanza.

SWALI: Nimesoma kwamba mahakama ya Ulaya iliruhusu watu kuuza programu zilizotumika. Kwa nini basi mnawatia watu hofu?

JIBU: Ulichosoma ni kweli, ila hukumu hiyo ina masharti ambayo wauzaji hawapendi kuyataja. Tarehe 3 Julai 2012, katika kesi kati ya UsedSoft, kampuni iliyouza leseni zilizotumika, na Oracle, kampuni inayotengeneza programu, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba mwenye hakimiliki akiuza nakala ya programu pamoja na haki ya kuitumia bila ukomo wa muda, hawezi tena kuzuia nakala hiyo isiuzwe, hata kama ilipakuliwa mtandaoni. Lakini mahakama ileile ilisema kwamba anayeuza lazima aifanye nakala yake isitumike tena, na kwamba aliyenunua leseni moja kwa ajili ya watumiaji wengi haruhusiwi kuikata vipande na kuuza sehemu asiyoihitaji. Mwaka 2016 iliongeza kwamba nakala ya akiba haiwezi kuuzwa bila idhini ya mwenye hakimiliki, hata kama diski ya asili imeharibika au kupotea.

Linganisha masharti hayo na tangazo la kawaida la mtu binafsi. Muuzaji hakuonyeshi alivyoipata leseni wala kwamba ameiondoa kwenye mashine yake, na mara nyingi ana funguo nyingi za aina moja, jambo linaloashiria mkataba wa taasisi uliokatwa vipande. Kwa hiyo hukumu ambayo muuzaji anaitaja kwa fahari ndiyo inayoonyesha kasoro ya bidhaa yake.

Isitoshe, hukumu hiyo ni ya Umoja wa Ulaya. Nchini Marekani, mwaka 2010, Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tisa iliamua dhidi ya Timothy Vernor, aliyekuwa akiuza kwenye eBay nakala za AutoCAD (programu ya michoro ya ujenzi ya kampuni ya Autodesk) alizozinunua kutoka kampuni ya wasanifu majengo. Mahakama ilisema kwamba kampuni hiyo haikuwa mmiliki wa nakala hizo bali mpewa leseni tu, na kwa hiyo haikuwa na haki ya kuziuza. Kesi hiyo ina funzo jingine lisilotajwa sana. Kampuni ile ilikuwa imepewa toleo jipya kwa bei ya punguzo, na kwa masharti hayo ilitakiwa kuziharibu nakala za zamani. Unapouziwa toleo la zamani, uliza kama leseni yake haikutumika kupata toleo jipya.

SWALI: Ninayefahamiana naye kazini ananiuzia leseni ya Windows aliyoinunua mwenyewe dukani, kwa kuwa amebadili kompyuta. Mtu mwingine mtandaoni ananiuzia akaunti ya programu za kuhariri picha, pamoja na barua pepe na nywila yake. Nichague ipi?

JIBU: Ya pili iache. Usajili wa kulipia kwa mwezi au kwa mwaka haumpi mlipaji kitu cha kumuuzia mwingine. Adobe, kwa mfano, ilielekeza programu zake kwenye mfumo wa usajili tangu 2013, na akaunti ni ya mtu aliyejisajili. Aliyeifungua anaweza kurudisha nywila siku yoyote, na kama akaunti imetoka katika taasisi, msimamizi wake anaweza kufikia mafaili utakayoyahifadhi humo au kuyafuta.

Ya kwanza inaweza kuwa halali kabisa. Mwombe risiti ya asili na kasha au barua pepe ya ununuzi. Hakikisha kwamba ni ya rejareja, si ile iliyokuja na kompyuta yake, kwa maana kompyuta nyingi zilizotengenezwa tangu Windows 8 zina ufunguo uliohifadhiwa ndani ya ubao mama (bao kuu la kielektroniki la kompyuta) na hauuziki bila mashine. Akiwa mbele yako, aiondoe leseni kwenye kompyuta yake kwa amri ya slmgr /upk, kisha muandikiane hati fupi ya mauzo yenye tarehe na sahihi zenu. Angalia pia toleo lenyewe: msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na siku hiyohiyo ulikoma wa Office 2016 na Office 2019. Kama anachokuuzia ni mojawapo ya hizo, leseni inaweza kuwa safi kabisa na bado ukabaki na programu isiyopokea tena marekebisho ya usalama, na kwa hali hiyo ningekushauri umshukuru na usinunue.